Cadillac Ranch: wageni waendelee kupuliza rangi au basi?

Wadau, naleta swali nikiwa na jibu langu tayari: rangi ikome.

Kwa asiyepajua, ni nje kidogo ya Amarillo, Texas, kando ya barabara kuu ya I-40. Mwaka 1974 wasanii watatu wa kundi la Ant Farm, Chip Lord, Hudson Marquez na Doug Michels, wakilipiwa na tajiri Stanley Marsh 3, walizika magari 10 ya kifahari ya Kimarekani aina ya Cadillac kwa mstari, boneti ardhini, mikia juu. Kuingia ni bure, na wageni wengi huenda na makopo ya rangi ya kupuliza.

Wanaotetea wanasema rangi ndiyo uhai wa sanaa ile: mwenye shamba aliridhia, na mtoto akiandika jina lake pale anajiona naye msanii. Hoja hiyo siibezi. Mwaka 2002 magari yalirudishiwa rangi za mwanzo, hazikumaliza hata siku moja kabla ya kupulizwa tena.

Lakini tazameni kilichofunikwa. Magari yale hayakuokotwa ovyo. Yalipangwa kwa mfuatano wa miaka, toleo la 1949 hadi la 1963, ili ukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho uone mapezi ya nyuma, yale mabati ya pambo yaliyoinuka mkiani mwa gari kama mapezi ya samaki, yanavyochomoza, yanavyorefuka hadi yale ya 1959 yaliyochongoka kupita yote, kisha yanavyonywea. Majivuno ya taifa zima yameandikwa kwenye bati! Leo sogea uguse: rangi imegandamana tabaka juu ya tabaka, nene hadi watu wanaimegua vipande. Kona zote zimeviringika kama kichuguu. Na chini, makopo matupu yamezagaa malishoni. Hilo linaniuma zaidi, maana lile ni shamba la mtu.

Mnaosema bila rangi hakuna atakayesimama, iangalieni Carhenge ya Alliance, Nebraska. Jim Reinders na jamaa zake waliijenga mwaka 1987 kumkumbuka baba yake, magari yakasimamishwa kwa duara kuiga Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa duara Uingereza, yakapakwa kijivu. Wapo wenyeji waliotaka ibomolewe. Sasa ni mali ya mji, na watu wanafunga safari kwenda kuiona jinsi ilivyo.

Pendekezo langu: pembeni lizikwe gari la 11, kuukuu lolote, hilo ndilo lipulizwe hadi watu wachoke. Yale 10 yakwanguliwe, hata yakibaki na kutu. Mnaopinga, nijibuni kwanza hilo la mapezi.