Naombeni ushauri: nafanya mambo mengi, ujumbe mkuu wa brandi yangu niuweke upi?

Daftari Jipya (mleta mada)

Habari zenu wakuu, niende kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni mhasibu wa kuajiriwa ila nje ya kazi nafanya vitu vingi, nafundisha Excel mtandaoni, napiga picha kwenye shughuli za watu, natengeneza nembo na vipeperushi, halafu naandika andika mambo ya nidhamu ya pesa. Kote huko nalipwa, sio sana lakini nalipwa. Sasa nataka nijijengee jina, yaani brandi binafsi kama wanavyoita, maana sitaki kutegemea mshahara peke yake maisha yote. Kila ninapopita naambiwa kabla ya nembo, kabla ya rangi, kabla ya kuposti chochote jua kwanza ujumbe wako mkuu ni upi, na hapo ndo nagonga mwamba.

Bayo yangu (yale maelezo mafupi chini ya jina mtandaoni) saivi inasomeka hivi: "Mhasibu | Mbunifu | Mwalimu | Mpiga picha | Mpenda maendeleo". Wafuasi wapo lakini kila mtu ananijua kwa lake, huyu anataka nikampigie picha, yule anataka nimtengenezee kadi, mwingine hesabu zake zimegoma. Niue vingine nibaki na kimoja? Au kuna namna ya kuandika sentensi moja ikavibeba vyote? Na hiyo sentensi inaandikwaje hasa, maana wengi wanasema "jitambue" halafu wanaishia hapo.

Sikio la Kufa

Acha hiyo "Mpenda maendeleo" mkuu, asiyependa maendeleo atajitenga mwenyewe 😂😂

Fundi Maneno

Sikio umeanza lakini umesema kweli bila kujua. Hicho ndo kipimo cha kwanza kabisa. Ukiandika kitu kuhusu wewe, geuza kinyume chake uone kama kuna mtu mwenye akili timamu angekisimamia hadharani. "Mpenda maendeleo", kinyume chake nani atajitangaza nacho? "Nafanya kazi kwa ubora na uaminifu", nani ataandika anafanya kwa uzembe na wizi? Basi hiyo haijasema kitu, ni pambo tu.

Halafu mleta mada elewa kwamba ulichoweka kwenye bayo ni orodha ya vyeo. Cheo kinajibu "unafanya nini", ujumbe unajibu "ukinifuata mimi utaondoka unaamini nini au unaweza nini ambacho jana hukuweza". Wahasibu wapo tele wenye cheo hichohicho, kwa hiyo cheo hakiwezi kukutofautisha hata ukiongeza vistari vingapi katikati.

Dada Mkubwa

Mdogo wangu usianze na sentensi, utajitesa bure. Anza na inboksi. Fungua meseji za karibuni ambazo watu wamekutafuta wakiwa na shida, sio za salamu, uzinakili zote sehemu moja kwa maneno yaleyale waliyotumia wao. Usizipambe. Halafu pembeni ya kila moja andika vitu viwili, je ulimsaidia akafika mwisho, na je ulifurahia au ulikuwa unaangalia saa. Kuna kundi litajitokeza lenyewe, kubwa kuliko mengine.

Nakwambia hivi kwa sababu watu wengi wanatafuta ujumbe wao kichwani wakati tayari upo midomoni mwa watu. Unaweza ukajiona mpiga picha kumbe watu wanakuleta kwenye mazungumzo kwa jambo lingine kabisa. Fanya halafu urudi na majibu hapa, tusiongee hewani.

Mzee wa Kijiwe

Mimi sikubaliani na hii habari ya kila mtu kuwa brandi. Zamani mtu alifanya kazi yake vizuri na jina likaja lenyewe. Siku hizi jina linatangulia kazi inafuata, tena wengine haifuati kabisa.

Fundi Maneno

Mzee hoja yako naiheshimu ila hii kitu sio ya juzi. Tom Peters, mwandishi wa Marekani wa mambo ya biashara, aliandika makala kuhusu mtu kujijenga kama brandi kwenye jarida la Fast Company mwaka 1997, kabla mitandao hii tunayoijua haijazaliwa, na humo aliwapa watu zoezi la kusema kwa maneno 15 au pungufu ni nini kinawafanya wawe tofauti. Jaribu hilo zoezi leo uone jasho. Na wenye matangazo walianza mbali zaidi, Rosser Reeves, mtu wa matangazo wa Marekani, mwaka 1961 alishaeleza kwamba tangazo lazima limpe mtu faida moja ya wazi, iwe faida ambayo mshindani haitoi, na iwe na nguvu ya kumfanya mtu ahame alipo. Yote matatu kwa pamoja. Wengi tunaishia kwenye la kwanza.

Ila unapogusa kazi kutangulia jina hapo tuko pamoja. Volvo wanajulikana kwa usalama, sio kwa sababu waliliandika neno hilo kwenye mabango. Mwaka 1959 mhandisi wao Nils Bohlin alibuni mkanda wa kiti unaoshika sehemu tatu, na kampuni ikaiacha hataza (haki ya uvumbuzi huo) wazi watengenezaji wengine wautumie. Kitendo kimoja kama hicho kinabeba ujumbe kuliko kauli mbiu kumi.

Daftari Jipya

Dada Mkubwa nimefanya zoezi lako jana usiku na nimeshangaa mwenyewe. Picha na nembo ni wachache, na wengi wao ni marafiki wa marafiki. Kundi kubwa ni watu wenye biashara zao ndogo, na maneno yao yanafanana ajabu: "nauza lakini sioni hela", "hela ya duka na ya nyumbani zimechanganyika", "mhasibu kanitumia ripoti sielewi hata mstari mmoja". Kuna mama mmoja anauza nguo alinitumia picha ya daftari lake, ameandika mauzo ya kila siku vizuri kabisa, mwandiko safi, tarehe zote zipo, lakini hakuna sehemu hata moja ameandika bei aliyonunulia. Nikamwambia aongeze kolamu moja tu ya bei ya kununulia na kesho yake akanipigia anasema kumbe magauni yanayotoka haraka kuliko yote ndo hayampi faida kabisa. Hiyo ilinipa raha kuliko picha zote nilizowahi kupiga.

Nimejaribu kuandika: "Nasaidia watu binafsi na taasisi kufikia malengo yao ya kifedha kupitia suluhisho bunifu na endelevu." Mnaonaje?

Sikio la Kufa

Nimesinzia katikati.

Dada Mkubwa

😂 Sikio jamani. Lakini kweli mdogo wangu, yule mama wa magauni kapotelea wapi? Umetoka kusimulia kitu kizima chenye damu na nyama, halafu ukakaa kuandika ujumbe ukageuka afisa wa wizara. "Watu binafsi na taasisi" ni kila mtu duniani. "Suluhisho bunifu na endelevu" mimi sijui ni nini na nina uhakika hata wewe hujui. Rudia, na safari hii andika kana kwamba unamjibu yule mama mwenyewe.

Haraka Haraka

Mnamharibia. Kijana ana vipaji vinne mnataka avizike. Mimi naona aweke tu "Mhasibu wa wafanyabiashara wadogo" yaishe, fupi, inaeleweka, wateja wanakuja.

Fundi Maneno

Haraka hiyo ni nzuri kwa kujitambulisha na wala siipingi, angalau inataja nani anahudumiwa. Ila bado ni nafasi sokoni sio ujumbe. Mwingine akija kesho akaandika hivyohivyo mtagawanaje? Ujumbe una msimamo ndani yake, kitu ambacho mwenzako wa fani moja anaweza kukataa kwa hoja. Mleta mada nikuulize, ni kitu gani wahasibu wenzako wanafanya au kuamini ambacho wewe ukikiona kinakukera?

Kuhusu kuzika vipaji, hakuna anayezika. Ujumbe mkuu ni mti, picha na nembo ni matawi, yakikubali kutoka kwenye shina hilo yabaki, yasipokubali ayafanye kimyakimya apokee hela yake bila kuyatangaza. Mtu hafukuzwi kupiga picha kwa sababu bayo haisemi anapiga picha.

Daftari Jipya

Kinachonikera? Ripoti zinazoandikwa ili mwenye biashara asielewe. Yaani mtu analipia hesabu zake mwenyewe halafu anapewa kitu kama maandiko ya siri, inabidi amuite tena mhasibu amfafanulie na alipie tena. Mimi naamini mtu aliyeweza kuanzisha biashara na kujadiliana bei na wateja kutwa nzima hawezi kushindwa kusoma faida na hasara, tatizo ni namna tunavyomwandikia.

Sasa nikiweka hivi: "Mwenye biashara ndogo anaweza kuzisoma hesabu zake mwenyewe. Mimi naonyesha namna."

Dada Mkubwa

EEEH SASA! Hapo nimekuona wewe.

Mzee wa Kijiwe

Lakini kijana si unajinyima ugali? Wakijua kusoma wenyewe watakulipa kwa lipi?

Daftari Jipya

Mzee swali zuri na nimelifikiria. Naona anayeelewa hesabu zake ndo anarudi na kazi kubwa, anataka kukopa, anataka kufungua tawi, anataka mtu wa kukaa naye chini kupanga. Asiyeelewa anakuja mara moja kwa mwaka tena kwa hofu. Na kama kuna mhasibu anaishi kwa kuwachanganya watu basi akinichukia ni sawa tu.

Fundi Maneno

Hapo umepata, maana tayari unajua nani atakukasirikia. Sasa ujaribu nje. Usiwaulize ndugu na marafiki "mnaionaje", watakusifia tu. Mpe mtu asiyekujua asome mara moja, uichukue, halafu badilisha stori kidogo, mwisho umuulize huyu jamaa anafanya nini na angemtuma nani kwake. Akikujibu kwa maneno yake na akataja mtu halisi, "kuna binamu yangu ana saluni", basi imekaa. Akikukariria maneno yako neno kwa neno bado haijamwingia.

Na iandike kwanza kwa ajili ya Instagram maana bayo ya pale ni herufi 150 tu, X (Twitter ya zamani) wanakupa 160, kichwa cha LinkedIn, ule mstari chini ya jina lako, 220. Ikikaa kwenye 150 kwingine kote itakaa, ukianza na 220 utajaza maneno ya kujaza. Hiyo yako nimeikadiria inaingia na nafasi inabaki.

Msomaji Mkimya

Huwa nasoma napita lakini hapa niongeze jambo ambalo halijaguswa. Mleta mada umesema umeajiriwa. Kabla hujatangaza chochote soma mkataba wako, kuna vipengele vya kazi za nje na vya kugongana kwa maslahi, na taaluma yenu ina kanuni za usiri. Usitumie hata siku moja hesabu za mwajiri au za mteja kama mfano, hata ukifuta jina, kwa sababu tarakimu zenyewe zinaweza kumtaja mtu. Tengeneza biashara ya kubuni uitumie hiyohiyo kila mara, wafuasi watamzoea huyo mwenye biashara wa kubuni na itakuwa rahisi hata kwako.

Daftari Jipya

Asante sana mkuu, hilo la mkataba nalishughulikia kesho asubuhi. Na wazo la biashara moja ya kubuni nimelichukua, itakuwa ya nguo. Nimeshabadilisha bayo, vyeo vyote nimetoa. Picha nitaendelea kupiga ila sitaziposti ukurasa huu. Nembo pia, labda nitumie huo ubunifu kutengeneza ripoti zinazosomeka.

Haraka Haraka

Haya nimekubali yaishe. Ila mkuu kwa kuwa umesema unaonyesha namna, mimi nina faili la mauzo, nikijumlisha kolamu Excel inaniletea sifuri na namba ninaziona kwa macho yangu. Tatizo nini?

Daftari Jipya

Angalia namba zako ndani ya seli zimeegemea upande gani. Kama hujagusa mpangilio wowote na zimeegemea kushoto, Excel inazihesabu kama maandishi ndo maana inaziruka kwenye kujumlisha. Mara nyingi ni kwa sababu zimenakiliwa kutoka sehemu nyingine, au kuna nafasi imejificha nyuma ya namba, au mtu kaandika alama ya hela ndani ya seli ileile. Piga picha ya skrini lakini ficha majina ya wateja, uiweke hapahapa usitume inboksi, nina uhakika sio wewe peke yako.