Naomba ushauri: kupunguza ada ya bima kubwa kwa dereva kijana

Ndugu zangu, mwanangu wa miaka 20 amepata leseni daraja D, naye ataendesha gari letu kutoka Uyole hadi chuoni Iyunga, katika barabara ile ile ya malori ya Tunduma inayonikosesha usingizi. Bima ndogo hulipa madhara wanayopata watu wengine tu, hivyo natamani kubaki na bima kubwa, inayolipia na gari letu. Lakini wakala amepandisha ada kwa sababu ya umri wake, na juu ya ada hiyo kuna kodi ya VAT ya asilimia 18. Je, nikikubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya gharama za matengenezo baada ya ajali, ada hushuka kweli? Na punguzo langu la kutodai fidia litabaki, iwapo yeye ataandikwa dereva wa pili? Aliyewahi kujadiliana na kampuni za bima hapa Mbeya, naomba anieleze alianzia wapi.