Zimamoto Kusini: barua zetu mnazitaka kwa maandishi, majibu yenu kwa mdomo mpaka lini?

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mimi ni katibu wa AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao, huku Kusini. Kabla ya hapo nilikaa masijala ya halmashauri, kule barua zinakopokelewa na kutunzwa, miaka 22, kwa hiyo nikizungumzia barua ya serikali sibahatishi. Ofisi ninayoilalamikia siitaji, wala sisemi kama ni ya Mtwara au Lindi, maana sitafuti ugomvi na mtu. Natafuta utaratibu urudi mahali pake. Wahusika wakisoma watajijua.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 3 Juni tulipeleka barua kwenye ofisi ya zimamoto kuomba ukaguzi wa ghala la chama. Ghala lina salfa ya wakulima, ile dawa ya unga ya mikorosho, lina magunia mapya ya msimu, na kuanzia Oktoba linajaa korosho mpaka mlangoni. Watu wa bima wametuambia bila cheti cha zimamoto hawatuandikii kitu. Barua ikapokelewa, nakala yangu ikagongwa mhuri wa tarehe, nikarudi kijijini nimeridhika. Leo tunamaliza Septemba. Cheti sina. Barua ya kunyimwa cheti sina. Karatasi hata moja yenye saini ya ofisi ile sina. Nilichonacho ni majibu manne, yote ya mdomo.

Jibu la kwanza nililipata mwisho wa Juni, na nililifuata mwenyewe. Kutoka kwetu unapanda gari la asubuhi, unashuka Mnazi Mmoja, unangoja jingine. Binti wa masijala akaniambia kwa heshima kabisa, "Baba, barua yenu afande ameirudisha, inatakiwa ipitie kwa Afisa Ushirika." Nikamwomba anionyeshe pale afande alipoandika hivyo. Akasema, "Hajaandika, ameniambia tu."

Hapo nilipaswa kukaa na kudai. Sikudai. Nikaenda kwa Afisa Ushirika, akaipitisha siku hiyo hiyo. Julai narudi, naambiwa cheo tulichokiandika hapo juu sicho, barua iende kwa mkubwa wake. Nikachapa upya. Narudi mara ya tatu, naambiwa saini iwe ya mwenyekiti, siyo ya katibu. Mwenyekiti wetu ana miaka 71 na mguu unamsumbua, ikabidi nimfuate shambani na kibao cha kuandikia. Haya yote matatu, ndugu zangu, mtu mmoja angeweza kuyaandika kwenye karatasi moja mwezi Juni: badilisheni hiki, na hiki, na hiki. Ingekuwa safari moja badala ya tatu, na nauli ninayotumia ni ya wakulima.

Na sasa niseme kama karani. Hilo la "kupitia kwa" limetoka wapi? Utaratibu ule ni wa mtumishi anayemwandikia mkubwa kupitia kwa bosi wake, ili bosi ajue na aweke neno lake. Askari wa zimamoto akitaka uhamisho, sawa, barua yake ipite kwa kamanda wake, ndiyo nidhamu ya jeshi. Mimi si askari. Chama cha wakulima si kikosi. Mwananchi anayeomba huduma anaandika moja kwa moja kwa mwenye ofisi, na kama kuna barua ya idara nyingine inayohitajika, basi ombeni kiambatisho, na muombe kwa maandishi.

Barua ikiingia serikalini ina njia yake, na njia hiyo inajulikana tangu tunaanza kazi. Inagongwa mhuri wa tarehe. Inaandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia. Inafungwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada. Jalada linapanda kwa afisa, afisa anaandika dokezo: nimeona folio ya 12, maoni yangu ni haya. Mkuu anaandika chini yake, amekubali au amekataa, anasaini, anaweka tarehe. Jalada linashuka, jibu linachapwa, linapewa kumbukumbu namba, linatoka. Nyinyi nyote mmeona kwenye barua za serikali pale juu pameandikwa "Unapojibu tafadhali taja". Wanaotuandikia maneno hayo ndio wanaojua kwamba barua hujibiwa. Siku hizi ofisi nyingi zina mfumo wa kompyuta badala ya majalada ya karatasi, lakini njia ni ile ile: kila aliyegusa anaacha jina na saa.

Jibu la mdomo halina jina. Kesho nikimwuliza afande, atasema hakukataa. Binti wa masijala atasema alitumwa. Mimi nitaonekana ndiye sikufuatilia, na mbele ya mkutano mkuu wa chama nitasimama nikisema "niliambiwa".

Agosti tulilipa ada. Namba ya malipo ikaja kwenye simu, tukalipa, risiti ikarudi kabla sijafika stendi. Mkaguzi akaja tarehe 11, na hapa lazima niseme haki: kijana anaijua kazi. Hakuja kunywa soda. Alivua viatu akapanda juu ya magunia kuangalia waya zilizopita kwenye kenchi. Alikuta mitungi miwili kati ya minne ya kuzimia moto mshale wake umelala kwenye nyekundu. Alikuta mlango wa nyuma unafunguka kwa ndani, akatuambia watu wakikimbilia mlango kama huo wanaufunga wenyewe kwa miili yao. Halafu akasimama kwenye salfa.

Salfa ile ilibaki baada ya upuliziaji wa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, mifuko 340 ya kilo 25, imepangwa ubavuni kwa magunia ya juti. Akaingiza kidole kwenye mfuko uliopasuka, akatuonyesha unga ulivyomwagika hadi chini ya magunia. Akasema salfa ikiwaka, mwali wake ni wa bluu, mchana mnaweza msiuone, mtaanza kuona moshi unakaba koo. Akasema msije mkarusha maji kwa nguvu kwenye unga ule, utapaa hewani na hewa yenyewe itashika moto. Na korosho nayo ganda lake lina mafuta, ikikolea si moto wa ndoo. Akatuambia tujenge ukuta wa tofali kutenga salfa, tuache njia kati ya mizigo na kuta, tubadilishe mlango na mitungi. Yote akaandika kwenye daftari lake.

Nikamwambia, "Afande, niachie nakala." Akasema haruhusiwi, taarifa lazima ipitishwe na mkuu kwanza, itakuja kwa barua. Namuelewa kijana. Utaratibu wa idhini ndio huo na simlaumu hata chembe.

Sasa sikilizeni kwa nini karatasi ile ni muhimu, maana najua kuna wenye kuona nagombania makaratasi. Ukuta ule ni fedha. Bodi ya chama haiwezi kutoa fedha za wakulima kwa sababu katibu amesema afande kasema. COASCO, shirika la serikali la kukagua hesabu za vyama vya ushirika, wakija kukagua vitabu watauliza: maelekezo ya ujenzi huu yako wapi? Nikiwaonyesha nini, kumbukumbu zangu? Mwenyekiti aliitisha kikao, wajumbe wakakubali vitu viwili visivyo na gharama kubwa, kujaza mitungi na kugeuza mlango. Ukuta wakasema usubiri barua. Wako sahihi. Nami ningekuwa mjumbe ningesema hivyo hivyo.

Barua haikuja. Mwanzoni mwa Septemba nikaenda. Jibu la nne: mkuu yuko kozi, anayekaimu hajaletewa barua ya kumkaimisha, kwa hiyo hawezi kusaini. Nikauliza, kwani hakuna anayesaini kwa niaba? Nimeona barua maelfu zenye "Kny" chini, cheo ni cha mkuu, jina ni la aliyesaini, na kazi inakwenda. Mkuu wa ofisi akisafiri ofisi haisafiri naye. Afisa mmoja akanijibu, "Mzee, mambo ya ndani hayo." Mambo ya ndani yake yamekaa juu ya ghala langu.

Tarehe 19 Septemba, saa nane mchana, mtu alikuwa anachoma takataka za shamba upande wa kusi. Mnaujua upepo wa Septemba huku kwetu na nyasi zilivyokauka. Moto ukaruka barabara. Nilikuwa ofisini napiga hesabu za magunia, nikasikia wanawake wanapiga yowe kisimani. Nilipotoka moto ulikuwa umeshaingia kwenye mikorosho ya jirani, unakuja kwenye uzio. Nikapiga 114, wakapokea, wakauliza mahali, wakasema gari linaanza safari. Watu wote wa kijiji walitoka, wenye matawi mabichi, wenye majembe, watoto wa shule wanabeba mchanga kwa madumu yaliyokatwa. Mimi niliingia ghalani na vijana sita, tukaanza kutoa magunia, maana nilijua kilicho ubavuni kwake. Nilikuwa nayasikia maneno ya yule mkaguzi kama amesimama nyuma yangu. Cheche zilikuwa zinaingia kwenye matundu ya hewa. Kijana mmoja alizikanyaga kwa kandambili mpaka kandambili zenyewe zikayeyuka upande.

Moto ulisimama hatua kumi kutoka ukutani. Tuliukatia njia kwa majembe, na upepo ukageuka, Mungu alitusitiri. Gari la zimamoto lilifika baadaye, na kwa umbali ule na barabara ile walijitahidi. Walizima visiki vyote, wakazunguka ghala mara mbili, wakaondoka usiku. Askari wale hawakuniuliza barua yangu imepitia kwa nani. Mmoja alinipa maji yake ya kunywa. Nawashukuru na nitawashukuru siku zote.

Ndiyo maana naumia zaidi. Jeshi hili liliundwa kwa Sheria Namba 14 ya mwaka 2007, kabla ya hapo zimamoto walikuwa chini ya halmashauri zetu na nilifanya nao kazi. Kazi yao haianzi king'ora kinapolia. Kukagua na kuelekeza watu kabla ya moto ni kazi yao pia, na maelekezo yasiyotoka kwenye jalada hayajatolewa. Kijana alikagua vizuri, akaandika vizuri, halafu kazi yake ikafungiwa kabatini kwa sababu hakuna aliyekubali kuweka jina chini yake.

Ninachodai si upendeleo. Kama barua yangu ina kasoro, niandikieni kasoro zote kwa mara moja, na jina na cheo na tarehe. Kama ghala halifai, niandikieni halifai na kwa nini, hiyo peke yake ingenijengea ukuta mwezi Agosti. Na mkuu akiondoka, aache aliyeruhusiwa kusaini.

NYONGEZA: Nimeona majibu yenu. Mkuu mmoja hapo chini anasema "mzee huelewi, toa chochote". Nakujibu kwa kiapo, hakuna aliyeniomba hata mia, na sitamsingizia mtu jambo ambalo hakulifanya. Tena sitatoa. Mwingine anasema nipande ngazi ya juu. Nitapanda, ila nikipanda nitaulizwa ofisi ya chini ilijibu nini, na jibu halipo mahali popote. Mnaona mlango ulivyofungwa?

Na wewe dada uliyesema kwenu barua ya ukaguzi ilijibiwa ndani ya wiki mbili na orodha ya marekebisho ikiwa imeambatishwa, nakuomba uniambie ulivyoiandika na mliifuatilia vipi. Nimefurahi kusikia kwamba inawezekana.

Kesho alfajiri nakwenda tena. Nimechapa barua ya tano, aya mbili tu, Yah: KUOMBA TAARIFA YA UKAGUZI WA TAREHE 11 AGOSTI KWA MAANDISHI, nimetaja barua zote nne zilizotangulia na tarehe za mihuri yake. Nimeweka nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika. Nimebeba na daftari la kupelekea barua, lile lile tulilokuwa tunatumia masijala, lenye mstari wa jina la mpokeaji, saini, tarehe na saa. Atakayeipokea atasaini hapo. Akisema ina kasoro, nitampa kalamu aandike kasoro hiyo kwenye mstari unaofuata.

Wakulima wanaanza kuleta korosho wiki mbili zijazo. Mifuko ya salfa bado iko pale pale.