Tareti au safu ya visu, na kipozea gani? Naomba ushauri kabla ya kununua mashine ndogo ya CNC

Mkerezaji_Chumbageni

Assalaam aleikum, mafundi wenzangu. Nina karakana ndogo Chumbageni, hapa Tanga, yenye mashine moja ya kukereza ya mkono, na baada ya miaka kumi na moja ya kuitegemea nimeazimia kununua mashine ndogo ya kukereza ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta. Kazi yangu kubwa ni bushi (mirija mifupi ambamo shafti huzunguka) za mashine za mkonge, za shaba na za nailoni, kipenyo kisichozidi mm 40 na urefu usiozidi mm 60, ambazo wateja huagiza thelathini hadi mia kwa mkupuo. Mara chache wavuvi huniletea kazi ya shafti za stenlesi za boti, na hizo hufika urefu wa mm 500.

Muuzaji ananipa nafasi ya kuchagua kati ya kishikio cha kawaida kinachobadilishwa kwa mkono, tareti ya umeme (kichwa kinachozunguka kuleta mbele kisu kinachohitajika) ya visu vinne, na tareti ya visu vinane ambayo inapandisha bei karibu kwa robo. Kwa upande wa kupoza, kuna pampu yenye tangi la lita 40, au kifaa cha kupuliza ukungu wa mafuta kwa hewa ya kompresa. Meza inayobeba visu ina mwendo wa mm 180 kuelekea na kutoka katikati ya chaki, yaani taya zinazoibana kazi. Fedha zangu haziruhusu kukosea mara mbili, kwa hiyo naomba mnieleze mngechagua nini mkiwa mahali pangu.

Fundi_Pongwe

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kwa bushi hizo ningeacha tareti zote mbili kando na kupanga visu kwa safu juu ya bamba nene la chuma lililofungwa kwenye meza, kila kisu mahali pake, ili mashine ibadilishe kisu kwa kusogeza meza tu. Tareti ya visu vinne hutumia sekunde mbili au tatu kila inapozunguka na kujifunga, ilhali safu huhitaji mwendo mfupi wa meza, na hakuna mota wala gia ya ziada ya kuharibika. Kwa bushi mia zenye visu vinne kila moja, tofauti hiyo ni karibu robo saa.

Piga hesabu ya nafasi kabla ya kitu kingine. Kwa fimbo ya mm 40, acha kama mm 45 kutoka ncha ya kisu hadi ncha ya kinachofuata, ili kisu kimoja kinapokata jirani yake asiguse kazi. Visu vinne vina nafasi tatu kati yao, yaani mm 135, na mm 45 zinazobaki ndizo za kumwezesha kisu cha mwisho kurudi nyuma ya kazi. Cha tano hakiingii. Kwa hiyo safu yako itakuwa ya kisu cha nje, drili, kisu cha ndani na kisu cha kutenganisha, na hivyo vinne ndivyo bushi inavyovihitaji.

Karakana_Korogwe

Ninaheshimu maelezo ya Fundi Pongwe, lakini ameipita haraka mno habari ya shafti. Unapokereza shafti ya mm 500 ni lazima uishikilie kwa nyuma, na hapo safu ya visu huwa hatari, kwa kuwa kisu cha ndani na drili hutokeza mbele na kuelekea kugonga chaki au kile kishikilio cha nyuma. Kwa kazi ya namna hiyo ningetaka tareti.

Hata hivyo, sitamshauri mtu anunue tareti pasipo kuuliza jinsi ilivyozibwa. Miaka miwili iliyopita tareti yetu ya visu vinne ilianza kuzunguka bila kusimama, mpaka mashine ikatoa ishara ya hitilafu na kujizima. Nilipofungua kifuniko cha juu nilikuta tope la rangi ya kutu, laini kama unga wa muhogo uliolowa, limejaa pembeni ya kile kibamba chenye vihisi vinne vinavyoisoma sumaku ili mashine ijue kisu kipi kiko mbele. Kihisi kimoja kilikuwa kimekufa, na waya wake ulikatika nilipougusa kwa kidole. Maji ya kupozea yalikuwa yakipenya taratibu kwenye mpira wa juu uliopasuka, mpira ambao fundi angeubadilisha kwa dakika kumi kama angekuwa na mazoea ya kuukagua. Tangu siku hiyo tunafungua kifuniko kila baada ya miezi mitatu.

Mkerezaji_Chumbageni

Nawashukuru nyote wawili. Je, siwezi kuwa na vyote, yaani safu kwa ajili ya bushi na tareti kwa ajili ya shafti?

Fundi_Pongwe

Unaweza, na Karakana Korogwe amenisahihisha ipasavyo. Agiza mashine ikiwa na tareti ya visu vinne, nyaya zake zikiwa zimeunganishwa na kompyuta ya mashine tangu kiwandani, kwa maana kuongeza tareti baadaye ni kazi ngumu ya umeme na ya programu. Bamba la safu utalitengeneza mwenyewe. Litobolee matundu mawili ya pini za kulirudisha mahali pake palepale, lifunge kwa boliti nne, na unapopata oda ya bushi uitoe tareti na kuliweka bamba. Ya visu vinane iache. Ni nzito kwa meza ndogo, na fedha hiyo inahitajika kwenye kompresa na vipimo.

Mzee_wa_Lezi

Nimewasoma wanangu, na naona maji ya kupozea mmeyasahau, wakati kwa hapa pwani ndiyo yanayoua mashine kabla ya wakati wake. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na ukichanganya maji hayo na mafuta ya kukatia, reli za mashine zitaota kutu usiku mmoja tu. Isitoshe, maji hupungua kwa joto lakini chumvi inabaki, kwa hiyo kila unapoongeza maji ya kisima unaongeza chumvi juu ya chumvi. Kinga maji ya mvua ya masika na ya vuli katika simtangi safi, na uyatumie hayo.

Kwa tangi la lita 40, kiwango cha asilimia 8 ni lita 3.2 za mafuta ndani ya lita 36.8 za maji, na ni mafuta yanayomiminwa kwenye maji huku ukikoroga, kamwe si maji kwenye mafuta, la sivyo mchanganyiko utagandamana. Nunua rifraktomita, kipimo cha kuonyesha kiasi cha mafuta ndani ya maji, usipime kwa macho. Ukiona mafuta ya kulainisha reli yameelea juu kama utando, yaondoe kila jioni, kwa sababu yanazuia hewa, na wadudu wanaoishi bila hewa ndio wanaoleta ile harufu ya yai bovu tunayoikuta Jumatatu asubuhi.

Sasa kuhusu kazi zako. Stenlesi inataka maji mengi, yasiyokatika hata kidogo, kwani hujikaza na kuwa ngumu kisu kinapoisugua badala ya kuikata. Shaba inakubali mchanganyiko huo huo, ila muulize muuza mafuta kama yana salfa kali, kwa maana hiyo huitia shaba madoa meusi. Nailoni usiimwagie maji hata kidogo. Hunywa maji ikavimba, na bushi uliyoipima vizuri leo itamkaba mteja shafti yake wiki ijayo. Ipulizie hewa tupu. Unyevu wa Tanga hujaa kwenye tangi la kompresa, kwa hiyo limwage kila asubuhi na ufunge kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa. Huo ukungu wa mafuta mimi siutaki katika chumba kidogo; mtu anayeuvuta siku nzima anaumiza mapafu yake.

Mkerezaji_Chumbageni

Shikamoo mzee, na nashukuru sana. Nitaagiza pampu na tangi, tareti ya visu vinne, na bamba nitalitengeneza mwenyewe. Limebaki swali moja: nikiwa na safu ya visu vinne, je, ni lazima kila kisu kiwe na bomba lake la maji?

Mzee_wa_Lezi

Marahaba, mwanangu. Si lazima. Katika safu, visu ndivyo vinavyokuja kwenye kazi, na kwa bushi fupi mahali pa kukatia ni palepale karibu na chaki. Funga bomba moja kwenye kichwa cha mashine, lielekee hapo, na uweke koki ili uweze kulifunga unapokereza nailoni. Tareti itakaporudi kwa ajili ya shafti, bomba lihamie kwenye meza, lisafiri pamoja na kisu.