Naomba ushauri: historia ya wilaya ya Lüchow-Dannenberg niianzie wapi?

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Ninaandaa makala ya Kiswahili kuhusu Lüchow-Dannenberg, wilaya ya mashambani iliyoko jimbo la Niedersachsen, kando ya mto Elbe, ambayo ina watu wapatao 49,000 tu na ndiyo yenye wakazi wachache kuliko wilaya zote za Ujerumani.

Ninachovutiwa nacho zaidi ni vijiji vyake vya duara, ambavyo nyumba zake za fremu za mbao hutazama uwanja mmoja wa katikati, na ambako wazawa wa Kislavi waliendelea kuzungumza lugha yao hadi karne ya 18. Hata hivyo, wasomaji wengi, kama wanaifahamu wilaya hii, wanaifahamu kwa Gorleben, ambako mwaka 1977 serikali ilikusudia kuzika taka za nyuklia ndani ya mwamba wa chumvi, wakati eneo hilo lilikuwa limezungukwa pande tatu na Ujerumani Mashariki. Wakulima walipinga kwa matrekta, na mwaka 2020 Gorleben ikaondolewa kwenye orodha ya maeneo yanayofikiriwa kwa kuzika taka hizo.

Je, nianze na mpaka huo, ambao kwa maoni yangu unaeleza mengi, au nifuate mtiririko wa miaka? Na ramani moja itatosha?