Mtoto wangu ana usonji na anaogopa radi: tiba kwa video au tusafiri?

MamaB_Bukoba
Habarini wazazi wenzangu. Mwanangu ana miaka 9, anaongea vizuri. Wingu likitanda tu anaziba masikio na kuingia uvunguni, shule ndiyo basi. Na Bukoba mnaijua kwa mvua. Tumeambiwa tuchague: Mwanza kwa mwanasaikolojia mara moja kwa mwezi, au simu ya video kila wiki. Naombeni uzoefu wenu.

BabaPacha
Pole dada. Sisi tulianza na safari. Mtoto anafika kachoka na basi, chumba hakijui, saa nzima hasemi neno. Kwenye video alikuwa kwenye mkeka wake, akaongea. Tatizo mtandao: ukikata katikati ya zoezi, anavurugika kabisa. Tukakubaliana mapema kwamba ukikata, mtaalamu anapiga simu ya kawaida. Nikamchorea kadi yenye picha ya simu, akawa anaishika muda wote.

Saikolojia_Dom
Mama B, kwanza muulize huyo mtaalamu kama tiba yake imerekebishwa kwa usonji: picha, ratiba, mzazi kushiriki. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, watoto 167, ulionyesha tiba iliyorekebishwa inapunguza wasiwasi kuliko ile ya kawaida. Huo ulikuwa wa ana kwa ana. Kwa video, mpango wa Facing Your Fears ("Kukabili Hofu Zako") wa Colorado, Marekani, wa watoto wenye usonji na wasiwasi, ulijaribiwa na familia chache, matokeo yakatia moyo. Kwa radi mimi ningechagua video, maana hofu yenyewe inaishi chini ya bati lenu. Mtoto anasikilizishwa radi kwa sauti ndogo, anataja hofu yake kwa namba, 0 hadi 10. Ikishuka, sauti inaongezwa kidogo.

MamaZ_Kisumu
Si kila mtoto jamani. Wangu haongei sana, kamera aliifunika na kitambaa. Mtaalamu akaanza kunifundisha mimi usiku, mtoto akishalala, nami nafanya naye kesho yake. Hapo ndipo tulipoona nafuu.

MamaB_Bukoba
Asanteni sana. Tutaenda Mwanza mara moja apimwe vizuri, kisha video. Jioni hii nimemwekea mvua tu kwenye simu, bila radi, kitufe cha sauti kakishika mwenyewe. Nikamuuliza namba. Akasema tatu, na hakuziba masikio.