Naomba ushauri: kopo la tumbaku na stendi ya viko havitoki harufu

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Tabora mjini, juzi nimenunua mtumba kopo la kauri la kuwekea tumbaku ya kiko na stendi ya mninga ya viko sita, bei poa kabisa. Shida harufu. Sio ile ya mabani ya kukaushia tumbaku tuliyoizoea huku, hii ni tamu tamu kama vanila iliyochacha, nadhani mwenyewe alikuwa anavuta zile zenye marashi, na mimi navuta kavu isiyo na kitu, nikiiweka humo siku mbili ladha imeshaharibika.

Kopo nimeosha na maji moto na siki, nikalaza bekingi soda usiku kucha, ndani kwenye kung'aa pametulia ila ukingo wa juu ambao haujapakwa rangi ukisogeza pua bado ipo, na kizibo cha koki (lile gome laini kama la kuzibia chupa za mvinyo) ndo balaa. Stendi nimeianika tu, maji naogopa mbao isije ikapinda.

Sasa wakuu, kizibo nihangaike nacho au nitafute kingine tu? Na stendi nikipiga msasa kwenye matundu halafu nipake nta ya nyuki, harufu itaisha au ndo naifungia humo humo?